Bismillah Juu ya Meza Tupu

Kila jioni Kamis Abdunoor alitandika mkeka mzima. Angeweza kuukunja nusu, maana chumba kilikuwa kidogo na yeye alikuwa peke yake, lakini mikono ilikuwa imezoea. Aliukung'uta mlangoni, akautandaza, akaweka sinia katikati kabisa, kisha akakaa upande wake, ule wa dirisha linalotazama mnara wa msikiti wa Old Kampala. Pande mbili zilibaki wazi. Upande wa kabati ulikuwa wa Rukiah, mkewe, ambaye alizikwa kwao Bombo miaka michache iliyopita. Upande wa mlango ulikuwa wa Sumayiya, binti yao wa pekee, aliyekuwa mbali sana, Osaka nchini Japani, akiwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee.

Kwa kuwa sinia lilikaa katikati, ilimbidi ajinyooshe kila mara alipotaka tonge. Alikula hivyo, mkono ukienda mbali na kurudi, kama mgeni anayeona haya kukisogelea chakula cha wenyewe.

Rukiah alikuwa ameweka sheria moja katika nyumba ile, na hakuna aliyewahi kuivunja. Neno zito halisemwi mlangoni, halisemwi kitandani, wala halisemwi mtu akiwa amesimama. Linasemwa siniani, baada ya baba kusema Bismillah na kila mmoja kumeza tonge la kwanza. Rukiah alisema mtu ambaye mkono wake una mchuzi hawezi kuinuka kwa hasira. Itabidi kwanza atafute maji, na akimaliza kunawa hasira nayo imepungua. Ni hapo siniani Sumayiya alipowaambia kwamba ameshindwa mtihani wa kuingia chuo. Ni hapo alipowaambia, miaka baadaye, kwamba amepata kazi Japani. Na ni hapo, mkono ukiwa bado kwenye bamia, Rukiah aliposema daktari ameona uvimbe na si uvimbe mzuri. Kamis alikumbuka kwamba siku ile waliendelea kula mpaka sinia likaisha. Hakuna aliyejua la kufanya isipokuwa kula.

Kwa hiyo, Sumayiya alipopiga simu wiki ile na kusema, "Baba, nina neno, lakini ni la siniani," Kamis alijua neno hilo ni zito.

"Basi njoo nalo siniani," alimjibu, akijaribu kucheka.

"Sinia letu litatoka wapi, Baba? Sikiliza. Nimetafuta kwenye mtandao. Kuna mkahawa wa rameni huko Bugolobi. Mimi huku Jumamosi jioni nakwenda kula rameni, duka lina supu ya kuku ya Waislamu. Nikila saa moja jioni, wewe kwako ni saa saba mchana. Weka simu mezani. Kama hatuwezi kula sahani moja, tule hata chakula kimoja."

Kamis alikubali kabla hajaelewa vizuri rameni ni kitu gani. Alikuwa na sababu yake. Mkataba wa binti yake ulikuwa unakaribia kwisha, na yeye alikuwa anahesabu, bila kumwambia mtu, kwamba atarudi. Alikuwa ameupaka rangi mlango wa chumba cha Sumayiya. Tena alikuwa amenunua sinia jipya kule Kikuubo kwenye maduka ya jumla, kubwa, la chuma kinachong'aa, lenye maua mekundu pembeni. Lilikuwa juu ya kabati, bado ndani ya nailoni yake. Alitaka amwambie habari ya sinia hilo siku hiyohiyo, baada ya yeye Sumayiya kusema neno lake. Neno lenyewe, kwa jinsi alivyolipima usiku na mchana, lingeweza kuwa "narudi," na lingeweza kuwa lile lingine. Hakutaka kulitaja lile lingine hata moyoni.

Kikuubo ndiko alikofanya kazi. Alikuwa ameendesha malori ya polisi sehemu kubwa ya maisha yake, na baada ya kustaafu alipata kazi ya kulinda stoo ya mabeseni na chupa za chai. Mlango wa pili ulilindwa na Okwir, naye askari mstaafu, mtu wa Lira, mrefu, mwenye mdomo usiopumzika. Jumamosi asubuhi Okwir alimwona Kamis amekuja kazini na kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe.

"Afande!" Okwir aliita juu ya vichwa vya wachukuzi waliokuwa wanapita na marobota. "Leo umevaa ya Idd. Nani anaoa?"

"Hakuna anayeoa. Nimeomba ruhusa mchana. Nakwenda kula na Sumayiya."

"Sumayiya amerudi, na wewe umenificha?"

"Hajarudi. Yeye anakula kule, mimi nakula huku, Bugolobi."

Okwir aliweka kikombe chake cha chai chini. "Sasa hiyo ni kula pamoja ama ni kupigiana simu?"

"Ni kula pamoja."

"Kale. Na chakula yenyewe iko gani?"

"Rameni. Tambi ndefu ndani ya supu."

"Banange! Hiyo nimeona kwa televisheni. Wanavuta fyuuu, kama mtoto mwenye mafua." Okwir alijishika tumbo. "Afande, na hilo pengo lako la mbele, hizo tambi zitaingia hapa, zitokee hapa, zirudi kwa bakuli. Utakula chakula moja siku mbili!"

Hata wachukuzi walicheka. Kamis naye alicheka, akaziba pengo kwa kiganja. Lakini alipokuwa anaondoka, Okwir alimwita kwa sauti ya chini kidogo. "Usikae na njaa kwa sababu ya aibu. Posho na maharage yako nitafunika hapa. Ukirudi, iko."

Bodaboda ilimshusha mbele ya jengo jipya, si mbali na zile fleti za zamani za Bugolobi. Mkahawa ulikuwa ghorofani. Taa za karatasi nyekundu zilining'inia darini, na juu ya mlango palichorwa bakuli lenye mvuke unaopanda kwa mistari mitatu. Ndani walikaa vijana, wengi wao na kompyuta, kila mmoja meza yake, na hapakuwa na aliyemtazama mwenzake. Kamis alisimama mlangoni akiwa ameshika kofia yake, kisha akakumbuka kwamba kofia ya kanzu haivuliwi, akairudisha kichwani.

"Hajji, karibu sana, ssebo." Mhudumu alikuwa msichana mwembamba mwenye aproni nyeusi, jina lake, Babra, lilikuwa limebandikwa kifuani. Kamis hakuwa amewahi kufika Maka, lakini Kampala kila mwenye kanzu ni Hajji, na alikuwa ameacha kubisha zamani. "Mko wangapi?"

Swali lilimkamata bila kutarajia. "Wawili," alisema. "Mwenzangu yuko kwa simu."

Babra hakucheka. Alimpeleka kwenye meza ya dirishani, akaweka vijiti jozi mbili, vijiko viwili, glasi mbili za maji. Kamis akavuta kiti chake, akakaa.

"Nipe rameni ya kuku," alisema. Kisha akauliza kama alivyouliza kila alipokula nje tangu ujana wake: "Huyu kuku, alichinjwa na nani?"

Kule Kikuubo swali hilo lilikuwa kama salamu. Kabla hujalimaliza, mwenye chungu ameshajibu, "Muislamu, Hajji," naye anaendelea kupakua, na wewe unakula. Akiwa amedanganya, dhima ni yake. Kamis hakuwa amewahi kukutana na mtu aliyelichukua kama swali la kweli. Babra alisimama na kalamu yake, akafikiri.

"Wacha niulize," alisema, akaenda jikoni.

Kamis akaiegemeza simu kwenye glasi ya pili na kuvaa miwani yake. Muda si muda ikalia, na uso wa Sumayiya ukatokea. Alikuwa amekonda kidogo. Ushungi wake ulikuwa wa rangi ya udongo, na nyuma yake palionekana duka jembamba kama korido, watu wamekaa bega kwa bega kwenye meza ndefu, na wengine wamesimama mlangoni wakingoja nafasi.

"Baba! Umevaa kanzu ya Idd."

"Ndiyo iliyokuwa safi," alisema Kamis.

"Nasema polepole, hapa watu hawapendi simu. Ngoja." Mkono ulipita mbele ya kioo, ukatua bakuli kubwa jeusi. Mvuke ulipanda, na miwani ya Sumayiya ikawa nyeupe kabisa kama dirisha la jikoni. Alicheka, akaivua, akaifuta kwa ncha ya ushungi. "Unaona? Kila siku inanipofusha. Chako kiko wapi?"

"Kinakuja."

"Basi nangoja."

"Anza, mama. Kitapoa."

"Nianze vipi na wewe hujaweka mkono?" Alisema hivyo kwa Kinubi, lugha yao ya nyumbani, kwa sauti ileile ya mama yake. Sumayiya aliweka vijiti juu ya bakuli na kukunja mikono mapajani.

Wakaongea mambo madogo. Aliuliza kama lile bomba la uani limetengenezwa. Aliuliza kama kweli anakula jioni, au anakunywa chai tu na kulala. Kamis alisema anakula vizuri. Alimuuliza kuhusu baridi. Sumayiya akasema kuna mzee pale kazini, mvuvi wa zamani, ambaye hataki kulishwa na mtu mwingine isipokuwa yeye. Wauguzi wengine wakishika kijiko, anafumba mdomo kama mlango wa benki.

"Kwa nini wewe?" Kamis aliuliza.

"Anasema mimi sina haraka."

Kamis akageuka kutazama jikoni. Kulikuwa na pazia fupi la kitambaa, na chini yake aliona miguu ya mpishi ikienda na kurudi. Babra alikuwa amesimama karibu na kaunta, simu sikioni, hasemi kitu.

"Binti," aliita. "Chakula?"

"Bado kidogo, Hajji. Inakuja."

Meza ya jirani walikuja vijana wawili baada yake, wakaletewa bakuli zao, wakazipiga picha, wakala. Kamis alijifanya haoni. Kwenye kioo cha simu, mvuke wa bakuli la Sumayiya ulikuwa umepungua hadi uzi mmoja, kisha ukaisha. Tambi zilikuwa zimekunywa supu na kuvimba. Sasa zilichungulia juu ya ukingo. Nyuma yake mwenye duka, mzee mwenye kitambaa kichwani, alipita, akatazama bakuli lisiloguswa, akatazama watu waliosimama mlangoni, akapita tena.

"Binti!" Kamis aliita kwa sauti iliyomshangaza mwenyewe. Ilikuwa ile sauti ya zamani, ya uwanja wa gwaride. Vijana waliinua vichwa kutoka kwenye kompyuta.

"Bambi, Hajji, nisamehe. Dakika kidogo tu." Babra alikuwa bado na simu sikioni.

"Baba, usimfokee," Sumayiya alinong'ona. Alitazama nyuma, akarudisha uso. "Huku watu hawakai, unajua. Wanakula, wanaondoka. Huyu mzee ameshanitazama mara nyingi." Akavichukua vijiti, akavigeuza, akaviweka tena. "Labda... Labda basi neno langu nikuambie siku nyingine."

Siku nyingine. Kamis alizijua siku hizo. Tangu mwaka uanze, kila simu ilikuwa na siku nyingine ndani yake: siku nyingine tutaongea vizuri, siku nyingine nitakueleza. Aliona kwamba akimwacha ainuke sasa, lile neno litazunguka duniani miezi mingine, na yeye ataendelea kupaka rangi milango. Na aliona pia jinsi mtoto wake alivyokaa, mikono mapajani, mbele ya chakula kilichoharibika, kwa sababu tu ya adabu aliyofundishwa nyumbani. Moyo ukamshinda.

"Kimefika!" alisema.

"Kimefika?"

"Hiki hapa. Kimekuja." Alijisogeza hadi simu ikamwonyesha uso na mabega tu. Akachukua kijiko kikavu kwa mkono wa kulia. Mbele yake palikuwa na meza ya mbao, duara la maji lililoachwa na glasi, na vijiti. "Bismillah," alisema juu ya vyote hivyo.

"Bismillah," Sumayiya aliitikia, na akainamia bakuli lake.

Kamis aliinua kijiko kitupu hadi mdomoni. Akafunga midomo. Akatafuna. Hakuwahi kujua kwamba kutafuna hewa ni kazi ngumu namna hiyo. Ulimi haujui pa kwenda. Kijana mmoja wa meza ya jirani alimtazama, akamtazama tena, kisha akahamisha macho haraka dirishani. Kwenye kaunta, Babra alikuwa ameshusha simu, amesimama, mkono mdomoni.

"Kitamu?" aliuliza Sumayiya, tambi zikimning'inia.

"Kitamu."

"Kina ladha gani cha kwenu?"

Kamis akameza mate. "Mchuzi mzito. Una... una ukali kidogo wa limau. Na kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa cheusi pembeni. Unateleza kooni. Halafu mwisho unasikia pilipili, lakini kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi."

Sumayiya aliacha kutafuna. "Baba," alisema, "hiyo ni bamia ya mama."

"Labda wapishi wamefundishwa mahali pamoja."

Akacheka kweli, kicheko kifupi, akafuta jicho kwa nyuma ya mkono wenye vijiti. Akala tonge lingine. Halafu akaweka vijiti chini, na Kamis akajua limefika.

"Wameniomba nibaki," alisema. "Si mwaka mmoja. Mitano. Wananisomesha, nitafanya mtihani wa uuguzi wa huku. Baba, nimeshakubali. Nilitaka kukuuliza kwanza, nikaogopa. Nikaogopa ungesema ndiyo kwa sababu yangu, na nikaogopa ungesema hapana. Kwa hiyo nikakubali, halafu nikakutafuta."

Kijiko kilikuwa njiani. Kamis hakukirudisha mezani. Alikifikisha mdomoni, akakitoa, na akatafuna muda mrefu kuliko tonge lolote alilowahi kula.

Angeweza kusema habari ya mlango. Angeweza kusema habari ya sinia lenye maua mekundu. Yote yalimjia mpaka kooni, yakakaa pale alipokuwa anajifanya chakula kinapita.

"Kazi unaipenda?" aliuliza.

"Naipenda. Sikutarajia, lakini naipenda."

"Basi ni vizuri."

"Umekasirika?"

"Nitakasirikaje? Mkono wangu una mchuzi." Akaunyanyua kidogo mkono wake msafi, chini ya kioo, usikoweza kuonekana, akaushusha. "Yule mvuvi, umpe salamu zangu. Mwambie nimesema afungue mdomo na kwa wengine pia, siku ambazo wewe umechoka."

"Nitamwambia."

Mwenye duka alipita tena. Mara hii alisema kitu, na Sumayiya akainamisha kichwa kumwomba radhi, akaanza kukusanya mkoba. Bakuli lake lilikuwa limebaki nusu. Tambi zimekuwa kama uji. Aliishika simu ikawa karibu na uso wake hata Kamis akaona alama ndogo ya miwani puani.

"Baba."

"Naam."

"Kikiletwa chakula chako, usiondoke bila kula."

Kamis alikitazama kijiko kikavu mkononi mwake.

"Ni miwani yako," Sumayiya alisema polepole. "Haijaingia ukungu hata mara moja." Akatabasamu, kisha tabasamu likavunjika pembeni. "Ahsante kwa kuniwekea mkono. Kula, Baba. Usikubali wakuletee kisha ukiache."

Kioo kikawa cheusi. Ndani yake Kamis aliona mzee mwenye kofia nyeupe, ameshika kijiko. Alikiweka chini.

Babra alikuja akiwa amebeba bakuli kwa mikono miwili, macho chini. Alilitua polepole, akabaki amesimama, hakuondoka.

"Hajji, nisamehe. Chakula ilikuwa tayari zamani."

"Zamani?"

"Wewe uliuliza kuku alichinjwa na nani. Mpishi hajui. Mimi sijui. Nikapigia mtu anatuletea kuku, hashiki. Nikapiga, nikapiga. Wenzangu walisema, mwambie tu ni Muislamu, ale. Nikaona, huyu mzee ameuliza vizuri, nimdanganye kwa nini?" Alijifuta mikono kwenye aproni ingawa ilikuwa mikavu. "Sasa ndiyo ameshika. Amesema aliyechinja anaitwa Swaib, wa sokoni. Ni Muislamu kweli. Lakini chakula ilikuwa inakungoja kwa kaunta. Imepoa. Mpishi anasema atapika ingine."

Kamis alimtazama msichana yule. Alikuwa amejiandaa kumkasirikia, na sasa hasira haikupata pa kukaa. Yeye mwenyewe ndiye aliyetupa swali lile kama mtu anavyotupa salamu mlangoni. Msichana akaliokota na kulibeba kama yai. Na wakati yule alikataa kumdanganya mgeni kwa neno moja, yeye alikuwa amemtaja Mungu juu ya ubao mtupu.

"Ahsante, binti," alisema. "Wacha. Nitakula hiki."

"Imepoa kabisa, Hajji."

"Nimeambiwa nisikiache."

Babra akasita. Akanyoosha mkono kuchukua vile vijiti vya pili, kijiko cha pili, halafu akaurudisha mkono, akaviacha, akaenda zake.

Kamis alitazama chakula chake. Tambi zilikuwa zimeshikana zikawa kitu kimoja, na mafuta yamegandamana juu ya supu kwa vidoa vyeupe. Yai lilikatwa nusu. Kiini chake kilikuwa kikavu, kimezungukwa na mstari wa kijivu. Kuku mwenyewe, yule aliyesababisha yote hayo, alikuwa vipande vitatu vyembamba. Alionja supu. Ilikuwa na chumvi, na baada ya chumvi hapakuwa na kitu, isipokuwa ile ladha ya vikorombwezo vya pakiti ambayo angeipata popote Kikuubo kwa maharage ya posho. Alifikiria kule kwa Okwir, ugali na maharage vimefunikwa, vingali na joto pengine, na maneno yasiyokwisha. Angeweza kuinuka tu.

Bila kufikiri, aliusogeza mkono na kulisukuma bakuli hadi katikati ya meza. Lilipogusa simu ndipo alipoona alichofanya. Mbele yake palikuwa na glasi ya pili, imejaa, haijaguswa, na kiti ambacho hakijavutwa tangu afike. Bakuli lilikuwa mbali. Ili kulifikia ingembidi ajinyooshe, kama kila jioni.

Vijana wa meza ya jirani walilipa wakaondoka. Nje, mtu alikuwa anapigia bodaboda kelele kwa Kiluganda.

Kisha Kamis akalishika bakuli kwa mikono miwili, akalivuta, likapita duara la maji, likapita vijiti, likafika kwake, karibu kabisa na kifua. Hakuwahi kukaa na chakula karibu hivyo tangu awe mtu mzima. Akainama juu yake, uso ukashuka mpaka pua ikakaribia mafuta, akangoja.

Miwani ilibaki safi. Aliona kila kitu vizuri: tambi, yai, ukingo wa bakuli, mikono yake.

"Bismillah," alisema, mara hii kwa sauti ndogo, na akaanza kula.